Kambare Wafao Majumbani: Yapimwe Maji Kabla ya Kumshuku Mtu

Vijana wengi wa mijini hupenda kufuga samaki katika tangi la kioo sebuleni, na wazazi huwaachia, maana ni mchezo usio na kelele wala udhia kwa jirani. Katika samaki hao aghalabu hawakosi kambare wadogo, wale watambaao chini ya tangi wakiokota makombo. Basi huja siku mtoto akaamka akamkuta kambare mmoja amelala ubavu juu ya changarawe, amekufa. Kesho yake hufa wa pili. Maji ni maangavu kama ya chemchemi, samaki wengine wanaogelea, wala hapana jeraha mwilini mwa aliyekufa. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu atasema ni jicho la mgeni wa juzi aliyelisifu tangi; yule atamshuku mtumishi kuwa katia sabuni; na mtoto mkubwa atamlaumu mdogo wake mpaka amlize.

Sisi hatukanushi kwamba jicho ni haki, kwani Mtume s.a.w. amelisema hilo. Lakini kumdhania mtu uovu pasipo dalili nako kumekatazwa na Qurani yenyewe, na maji ni kitu kinachopimika. Ni vibaya kuvunja ujirani kwa sababu ya samaki ambaye kifo chake kingejulikana kwa matone machache ya dawa ya kupimia.

Na tujue kwanza ni kambare gani tuliye naye, maana wauzaji huwaita wote kwa jina moja. Yuko yule mdogo wa Amerika ya Kusini, aitwaye Corydoras, ambaye ubavu wake umevikwa vigamba vigumu kama deraya. Wako ngogo, ambao ngozi yao ni tupu, haina magamba. Hao wamo katika mito na maziwa ya Afrika, na mmoja wao wa Ziwa Tanganyika ana hila ya kuchanganya mayai yake na ya samaki walezi wa mdomoni, ili walelewe wanawe na mama asiye wao. Ngogo mwingine wa mto Kongo mara nyingi huogelea chali, tumbo juu. Asiyemjua hudhani anakata roho akamtupa mzima! Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, na pH yake hukaribia 9. Maji ya Corydoras wengi huko kwao ni laini, nayo huelekea uchachu. Kuwatia wote wawili katika tangi moja ni kumdhulumu mmoja wao. Kadhalika maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, nayo hayamfai huyo wa Amerika.

Amma sababu iuayo zaidi ni ile isiyoonekana kwa macho. Samaki hutoa amonia katika matamvua yake na katika choo chake, na chakula kilichooza huongeza. Amonia ni sumu. Mwenyezi Mungu amejaalia vijidudu vidogo mno, bakteria, ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, na vingine vikaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru. Lakini nitriti nayo ni sumu: huigeuza damu ya samaki rangi ya kahawia isiweze kubeba hewa, akatweta hali maji yamejaa hewa. Sasa vijidudu hivi havimo katika tangi jipya. Huchukua kiasi cha majuma manne hata sita kuenea katika changarawe na sponji ya chujio. Ndiyo maana tangi lililonunuliwa leo likajazwa samaki leo, misiba yake huja juma la pili au la tatu, wakati watu wamekwisha kujiona mabingwa. Na uangavu wa maji si dalili ya usalama. Amonia haina rangi.

Tena mwenye bidii ya usafi huenda akaua kuliko mvivu. Huitoa sponji akaiosha chini ya bomba mpaka ikang'aa, na klorini ya maji ya mji ikaviua vile vijidudu vyote. Tangi likarudi kuwa jipya siku hiyo hiyo. Sponji na isuguliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi. Na maji mapya yatibiwe kabla ya kutiwa. Klorini huondoka ikiwa maji yataachwa wazi katika ndoo usiku kucha au siku nzima, lakini miji mingine hutumia kloramini, nayo haiondoki hivyo, haina budi kutiwa dawa yake iuzwayo madukani kwa wafugaji.

Waswahili husema kwamba katika nyumba ya kambare kila mtu ana ndevu. Katika tangi la kambare twaona kila mtu ana mkono: baba hutia chakula baada ya Alfajiri, mama adhuhuri, watoto kila wapitapo. Kinachobaki huzama na kuoza pale pale anapolala kambare, na sharubu zake hupata vidonda. Na ajabu ni kwamba katika tangi hilo hilo kambare huweza kufa njaa, kwa kuwa samaki wepesi wa juu humaliza kila kitu mchana, naye wengi wa jinsi yake hula usiku. Kambare si mfagiaji wa kuishi kwa takataka. Mmoja tu wa nyumbani apewe kazi ya kulisha, naye atie vidonge vizamavyo baada ya Isha, taa zikiisha zimwa.

Kuna sababu moja ambayo katika nchi zetu za mbu twaiona haitajwi vya kutosha. Dawa za kupulizia mbu, na udi wa mbu uchomwao usiku, nyingi zina sumu za jamii ya pareto, ambazo kwa mtu madhara yake ni madogo na kwa samaki ni makubwa mno. Pampu ya hewa huvuta hewa ile ile ya chumba ikaisukuma majini. Ukipulizia sebule, lizime pampu, lifunike tangi kwa nguo nzito, ufungue madirisha mpaka harufu iishe, ndipo uiwashe. Na mikono yenye sabuni au mafuta isiingie majini kabisa.

Mwenye kutafuta sababu na atazame namna vifo vilivyokuja. Wakifa wengi usiku mmoja, ashuku sumu ya dawa, klorini ya maji yaliyobadilishwa jana, au umeme uliokatika pampu ikasimama, kwani maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Wakifa mmoja mmoja kwa majuma, ashuku amonia, nitriti, njaa, au maji yasiyo ya kwao. Wakifa wale wapya tu na wa zamani wakasalimika, basi maji yamebadilika polepole, wenyeji wakayazoea, na mgeni akaingizwa ghafula. Haya yaandikwe katika daftari: siku, saa, aliyekufa, na kila kilichofanywa nyumbani juma zima lililotangulia.

Huenda msomaji akauliza, je, yote haya kwa samaki wa thumuni? Sote twaijua habari ya mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kufuga kumeruhusiwa, na yule mtoto Abu Umair alikuwa na kindege chake Mtume s.a.w. akimtania kwacho, lakini aliyefungiwa katika kioo hana pa kwenda kutafuta maji mengine.

Basi tangi likianza kuua, usitie dawa ovyo. Dawa zenye shaba khasa huwadhuru kambare. Pima amonia na nitriti: zote mbili zapasa kuwa sifuri. Zikiwapo, toa robo ya maji. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa kimo cha 35 lina lita 63, hivyo ni lita 15 au 16. Rudisha maji yaliyotibiwa yenye joto sawa, punguza chakula, upime tena kesho. Wala usinunue samaki wa kufidia mpaka vipimo vimesimama sifuri kwa juma zima.