Tuonje Kahawa Yetu, Tuchunge Hesabu Yetu



Kila mwaka tunachuma kahawa, tunaiosha na kuianika. Kisha gunia linakwenda Bukavu ao Goma, na kule mtu mwingine ndiye anaionja na kusema iko ya namna gani. Akisema ni mbaya, bei inashuka. Sisi tunajibu nini? Wengi wetu hatujakunywa hata kikombe kimoja cha kahawa ya shamba letu. Wazee wa Idjwi na Minova wanakumbuka wanaume waliovusha kahawa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi walizama ziwani. Walikuwa wanatafuta bei. Bei nzuri inaanza na kujua kile unauzisha.

Leo tunawaletea michezo miwili ya nyumbani ambayo inaweza kuwa kazi ya maana: kupika kahawa yako mwenyewe, na kuendesha seva ndogo.

Kupika na kuonja

Hapana lazima ya mashine. Mutwange polepole kahawa yenye ganda ndani ya kinu, kisha mupepete kwa lungo. Mukaange kwa moto mudogo, huku munakoroga bila kuacha. Punje zitageuka manjano, halafu kahawia, na kisha zitapasuka sawa mahindi ya bisi. Zikisha kupasuka, mungoje dakika moja ao mbili, muziondoe na kuzipoza mbio juu ya lungo. Mukizikaanga mpaka ziwe nyeusi kama makaa, mutaonja moto tu, kahawa hamutaisikia.

Kesho yake mutwange. Waonjaji wa kazi wanatumia gramu 8 na kidogo kwa mililita 150 za maji, yenye joto la digri 93 hivi. Kwetu hapa kando ya ziwa Kivu, kwenye mita karibu 1460, maji yanachemka kwa digri 95 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo mukiondoa sufuria kwenye moto na kungoja kidogo, maji yako tayari. Muyamwange juu ya unga ndani ya kikombe, muhesabu dakika 4, muvunje povu kwa kijiko na kunusa. Mutoe povu, mungoje ipoe, kisha muonje bila sukari.

Mutafute nini? Utamu, ukali mzuri sawa wa limau ao tunda, na usafi. Lakini zaidi ya yote, munuse kama iko harufu ya viazi vibichi. Hiyo harufu ni adui wa kahawa ya Kongo, Rwanda na Burundi. Haiumizi mwili, lakini punje moja tu inaharibu kikombe kizima, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Mara nyingi inatoka wakati wa kutwanga. Inafuatana na mdudu antestia, mweusi mwenye madoa meupe na ya rangi ya machungwa, anayetoboa matunda ya kahawa. Dawa ya kwanza ni mikono yetu: kukata matawi ili mwanga uingie, kuokota wadudu, kuchuma nyekundu tu, kutupa zile zinazoelea majini, na kuchambua vizuri juu ya meza.

Seva ya kooperative

Ukiisha kuonja, uandike: siku gani, shamba gani, ladha gani. Hapa ndipo mchezo wa pili unaingia. Seva ni kompyuta inayokaa macho muda wote ili kutumikia zingine. Vijana wengi duniani wanaiendesha nyumbani kwa furaha tu. Inatosha kompyuta ndogo sawa Raspberry Pi, iliyotokea Uingereza mwaka 2012, ambayo inaenea ndani ya kiganja. Inakula wati chache tu, kwa hiyo sahani ya jua na batri vinaweza kuibeba. Simu zinaifikia kwa wifi yake yenyewe, bila intaneti wala kununua mega. Juu yake munaweza kuweka kilo za kila memba, namba za magunia, na matokeo ya kuonja. Kwa programu Kiwix munaweza hata kusoma Wikipedia bila intaneti.

Kahawa na kompyuta ni marafiki wa zamani. Mwaka 1991, watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge waliweka kamera mbele ya birika ya kahawa, ili kila mmoja aone kwenye kompyuta yake kama kahawa iko ao imekwisha, mbele ya kutembea bure.

Faida yetu ni nini? Mununuzi akisema gunia fulani linanuka viazi, tunafungua hesabu na kuona limetoka kilima gani. Tunasaidia wale wenye mashamba pale, pasipo kuazibu wote. Na siku ya malipo, memba anaona kilo zake mwenyewe. Ugomvi unapungua.

Lakini mujihazari. Kuranti ikikatika gafula, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Batri ni lazima. Kila juma mufanye kopi juu ya kifunguo cha USB, na ikae nyumba ingine. Watu wakilazimika kukimbia, daftari nzito inabaki, lakini kifunguo kinaingia mfukoni. Muchague watu wawili wenye kubadilisha hesabu, wengine wasome tu. Na daftari ya karatasi isiachwe: hizo mbili zichungane.

Tuanzie wapi?

Kwenye mkutano unaokuja, kila kilima kilete kikombe kimoja cha kahawa yenye ganda, na jina la kilima juu yake. Mukaange pamoja, muonje bila kujua ni ya nani, muandike. Bamama wanaochambua kahawa waonje wa kwanza, juu mikono yao ndiyo inajua punje. Mutakapokaa tena mbele ya mununuzi, mutaongea bei ya kitu ambacho munakijua.