Mshale wa Petroli Usiosema Kweli

Uliyekosa kutusikia kwenye redio, soma somo hili polepole, kisha umsomee mwenzako.

Leo tutajifunza habari za geji ya petroli. Geji ni ile saa ndogo iliyo mbele ya dereva. Ina mshale na herufi mbili. E maana yake ni tupu. F maana yake ni kujaa.

Tuseme gari la kijiji chenu linampeleka mgonjwa hospitali usiku. Mshale unaonyesha nusu tangi. Katikati ya pori gari linazima, na tangi ni kavu. Hapo kosa dogo la waya limekuwa hatari kwa maisha ya mtu. Ndiyo sababu tunajifunza somo hili.

Kwanza, geji inafanyaje kazi? Ndani ya tangi mna boya, nalo huelea juu ya petroli. Boya limeshikwa na mkono wa chuma. Petroli ikipungua boya hushuka, ikiongezeka hupanda. Mkono huo hugusa kifaa kinachozuia umeme. Katika magari mengi ya zamani, boya likiwa chini umeme huzuiwa sana, na mshale hukaa kwenye E. Boya likipanda, umeme hupita kwa wingi, na mshale huenda kwenye F. Magari mengine, hasa baadhi ya yale ya Marekani, yametengenezwa kinyume chake.

Basi vitu vya kukagua ni vinne: geji, waya, boya na kifaa chake, na mahali tangi linapogusana na bodi ya gari. Watu wengi hukimbilia kununua geji mpya. Usifanye hivyo. Anza na lililo rahisi, umalize na lililo gumu.

Hatua ya kwanza. Fungua swichi, utazame saa nyingine. Kama saa ya joto la maji nayo haisemi kweli, huenda kosa si la tangi. Tazama fyuzi. Tena, magari mengi ya zamani ya Uingereza, ya tangu miaka ya 1960, yana kifaa kidogo nyuma ya saa hizo, kinachopunguza umeme wa betri wa volti 12 hadi kadiri ya volti 10. Kikiharibika, saa zote mbili hukosea pamoja.

Hatua ya pili. Funga swichi. Chomoa waya wa geji kwenye tangi. Uunge na waya mwingine mrefu, na ncha ya pili uifunge kwenye chuma safi cha bodi, mbali na tangi. Sasa mwenzako afungue swichi. Mshale ukitoka upande mmoja ukaenda upande wa pili, geji na waya ni vizima. Katika magari mengine huenda polepole, basi subiri kidogo. Ukifika mwisho, funga swichi mara moja. Kama mshale haukusogea hata kidogo, kosa liko kwenye waya au kwenye geji yenyewe.

Kwa nini tumefunga waya kabla ya kufungua swichi? Kwa sababu kugusisha waya wenye umeme huleta cheche, na mvuke wa petroli huwaka upesi sana. Fanya kazi hii nje, penye hewa. Usivute sigara. Usimulike tangi kwa kibiriti wala kwa taa ya moto.

Hatua ya tatu. Rudisha waya mahali pake. Swichi ikiwa imefungwa bado, unga waya mwingine kutoka chuma cha tangi hadi chuma safi cha bodi. Kisha fungua swichi. Mshale ukisema kweli sasa, kumbe ni kutu tu iliyozuia umeme! Funga swichi, ukwangue kutu kwa msasa, na ukaze skurubu. Kazi imekwisha, nawe hukununua kitu.

Hatua ya nne. Kama bado, boya litolewe. Kazi hii mwachie fundi, au uifanye pamoja naye. Ondoa waya wa betri kwanza, na petroli ipunguzwe. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani yake, limetoboka na linazama, ndiyo maana mshale haupandi. Kama ni zima, angalia mkono wake usiwe umekwama au umepinda.

Angalia: magari ya siku hizi yana kompyuta. Usiunge nyaya zake ovyo, bali mpelekee fundi mwenye chombo cha kuyapima. Mengi yana pampu ndani ya tangi, nayo hupozwa na petroli. Basi kuliendesha gari hadi tangi likauke huiharibu pampu.

Wakati geji bado ni mbovu, tumia daftari. Jaza tangi, uandike kilomita zilizo kwenye saa ya mwendo. Ukijaza tena, andika lita zilizoingia. Ukiwa umekwenda kilomita 240 kwa lita 30, gari lako huenda kilomita 8 kwa lita 1. Tangi la lita 45 litakufikisha kilomita 360. Basi jaza kabla ya kilomita 300. Daftari halina kutu wala waya wa kukatika.

Maswali
1. Boya hufanya kazi gani?
2. Kwa nini tunafunga waya kwanza, ndipo tunafungua swichi?
3. Gari limekwenda kilomita 270 kwa lita 30. Lita 1 hulipeleka kilomita ngapi?