Nyuzi za kioo na siri ya kasi ya intaneti chini ya bahari

Barua pepe inayotoka Muscat kwenda Mombasa, au picha inayotumwa kutoka London kwenda Zanzibar, kwa kawaida haipiti angani. Husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Wazo lililowezesha jambo hilo lilichapishwa Uingereza mwaka 1966, lakini ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa mikonga hiyo kufika Mombasa na Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mawasiliano ya mbali yalitegemea nyaya za shaba na mawimbi ya redio. Wanasayansi walijua kwamba mwanga ungeweza kubeba habari nyingi zaidi, hasa baada ya leza ya kwanza kuonyeshwa mwaka 1960. Kikwazo kilikuwa kioo chenyewe. Katika nyuzi zilizokuwapo wakati huo, mwanga ulififia na kupotea baada ya mita 20 hivi, na wengi waliamini kuwa hiyo ndiyo tabia ya kioo isiyoweza kubadilishwa.

Charles Kao, mhandisi aliyezaliwa Shanghai, pamoja na mwenzake George Hockham, walikuwa na maoni tofauti. Wakifanya kazi katika maabara ya Standard Telecommunication mjini Harlow, walieleza kwamba mwanga ulimezwa na uchafu uliomo ndani ya kioo, hasa chembechembe za chuma, wala si na kioo chenyewe. Walitaja pia lengo: ikiwa baada ya kilomita moja itabaki angalau asilimia moja ya mwanga ulioingia, basi simu zinaweza kupita ndani ya uzi wa kioo.

Lengo hilo lilifikiwa mwaka 1970 na Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning nchini Marekani. Nyuzi za leo zimelipita mbali sana. Asilimia moja iliyobaki baada ya kilomita moja wakati ule, sasa hubaki baada ya kilomita 100 hivi.

Hata hivyo, bahari ni pana kuliko kilomita 100. Mkonga wa TAT-8, ambao ulikuwa wa kwanza wa nyuzi za kioo kuvuka bahari ya Atlantiki, ulianza kazi mwaka 1988 ukiziunganisha Marekani, Uingereza na Ufaransa. Uliweza kubeba megabiti 280 kwa sekunde katika kila jozi ya nyuzi. Kila baada ya makumi ya kilomita kulikuwa na kifaa kilichoupokea mwanga uliochoka, kikaugeuza kuwa umeme, kikausafisha, kisha kikauwasha upya kwa leza.

Utaratibu huo unafanana na ule wa tarishi ambaye kila kituo hulazimika kumpa karani barua ainakili upya kabla ya tarishi mwingine kuipokea. Barua hufika, lakini kasi ya safari nzima ni kasi ya makarani. Vifaa hivyo viliundwa kwa mwendo mmoja tu, na aliyetaka mwendo mkubwa zaidi hakuwa na njia ila kulaza mkonga mwingine.

Jawabu lilipatikana mwaka 1987. Katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Profesa David Payne na wenzake walitengeneza uzi wa kioo uliochanganywa na kiasi kidogo sana cha madini adimu yaitwayo erbiamu. Wakati huohuo Emmanuel Desurvire alikuwa akifanya kazi kama hiyo katika maabara ya Bell, Marekani.

Ufanyaji kazi wake unaelezeka. Leza ndogo huzijaza atomu za erbiamu nguvu. Mwanga dhaifu wenye ujumbe unapopita, atomu hizo huachia nguvu yake katika umbo la mwanga ulio sawa kabisa na ule unaopita. Mwanga huingia ukiwa hafifu na kutoka ukiwa na nguvu, bila kugeuzwa umeme hata mara moja. Bahati njema ni kwamba erbiamu hukuza hasa aina ile ya mwanga ambayo kioo huipoteza kwa uchache zaidi.

Kuna faida nyingine iliyokuja kuwa kubwa zaidi. Kifaa hicho hukuza rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, na kila rangi inaweza kubeba ujumbe wake katika uzi huohuo. Kwa hiyo uwezo wa mkonga unaweza kuongezwa kwa kubadilisha mitambo iliyopo nchi kavu kwenye ncha zake, huku mkonga wenyewe ukibaki ulipolala. Teknolojia ya kukuza mwanga ilivuka Atlantiki kwa mkonga wa TAT-12/13 mwaka 1996.

Wakati huo pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa bado ikitegemea satelaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya dunia. Kwa njia hiyo, swali na jibu lake huchukua takriban nusu sekunde, na gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Mwezi Juni mkonga wa TEAMS uliwasili Mombasa ukitokea Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu, na mwezi Julai mkonga wa Seacom ulizinduliwa. EASSy ulifuata mwaka 2010. Kutoka pwani, nyuzi za nchi kavu ziliendelea hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Mwanga hukata masafa ya Fujairah hadi Mombasa, kiasi cha kilomita 5,000, kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Mwaka huohuo wa 2009, Kao alitunukiwa nishani ya Nobel ya fizikia.

Lakini uvumbuzi ulioshinda umbali haukushinda nanga. Mkonga wa bahari kuu una unene unaokaribia mpira wa kumwagilia bustani, na unaweza kukatwa na meli au mitikisiko ya sakafu ya bahari. Februari 2024 mikonga kadhaa ilikatika katika bahari ya Shamu, na inaaminika kuwa iliburutwa na nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa na Wahouthi. Mei 12 mwaka huohuo, EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi.

Fundi hawezi kuufikia mkonga kwa gari. Lazima meli maalumu ifike, iunase, iuinue na kuunga nyuzi moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo usalama wa nchi moja hautegemei tu kasi ya mkonga wake, bali idadi ya njia tofauti ilizo nazo. Mkonga wa PEACE uliofika Mombasa mwaka 2022 uliongeza njia moja. Nchi zisizo na bahari hubaki zikitegemea njia za jirani zao, na mkonga unapokatika baharini, pengo hilo husikika hadi Kampala na Kigali.