Meli ya Liemba kwa vipande vya mninga: piga hesabu kabla ya kutaja bei

Wafanyabiashara wenzangu, kila wiki kuna mtu anaingia dukani kwangu hapa Mpanda, anashika meli ya mbao, akisikia 55,000 anaicheka. "Dogo, ya plastiki si 8,000?" Kweli. Ila ile ni ya mtoto kuogea. Hii ni MV Liemba kwa skeli, na kazi iko hapo kwenye skeli.

Liemba ina urefu wa mita 71.4 na upana wa karibu mita 10. Mimi natumia skeli ya 1:200, maana yake sentimita 1 ya mbao ni mita 2 za meli yenyewe. Kwa hiyo modeli inatoka sentimita 35.7 kwa 5. Ningetumia 1:100 ingekuwa kubwa mara mbili, sentimita 71, na hapo nani ataipakata kwenye basi mpaka Sumbawanga? Chagua skeli kwa kuangalia boksi na safari ya mteja.

Skeli ikishakaa, usiivunje. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 1. Ukiuchora sentimita 2 kwa sababu ni rahisi kukata, meli nzima inageuka kuwa toi, na mteja anaona hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi. Halafu muulize anataka Liemba ya lini. Ilianza kwa mvuke, miaka ya 1970 ikawekwa injini za dizeli, na sehemu ya juu haikubaki ile ile.

Bodi silichongi kwenye gogo moja. Nakata vibao vyembamba, kila kimoja kwa umbo la meli katika kimo chake, nagundisha kimoja juu ya kingine, nabana usiku mzima, ndipo napiga randa na msasa: namba 80, 120, mwisho 240. Mninga unapendeza kwa kazi hii, haujikunji sana ukikauka. Vumbi lake linawasha kifua, vaa barakoa. Vipande nachukua kwa seremala anayenunua mbao kwa vibali na risiti. Mninga wa magendo huku kwetu upo, na ukikamatwa nao hakuna atakayekuuliza kama unatengeneza meli au kitanda.

Kila meli naiwekea kadi ndogo ya historia, maana mteja ananunua na stori. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha 5,000, ikaja Dar es Salaam, kisha reli hadi Kigoma. Ikashushwa majini Februari 1915 ikiitwa Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mtu aliyewahi kuipanda Karema au Ikola akisoma hiyo, bei anaacha kuijadili. Wageni wanaopita kwenda hifadhini Katavi nao wanaipenda.

Sasa kalamu. Mbao 4,000, gundi na msasa 3,000, vanishi 2,500, kibao cha jina 2,000, boksi 2,500. Jumla 14,000. Meli moja inanila saa 12, na saa yangu nimeipa 2,500, hiyo ni 30,000. Tuko 44,000. Naongeza 11,000 ya duka, inafika 55,000. Wengi wetu saa hatuzihesabu kabisa, tunaona hela yote juu ya 14,000 ni faida.

Mwezi uliopita akaja kaka mmoja wa Kigoma, anataka meli 10 za jumla, 38,000 kila moja. Kwa duka dogo kama langu 380,000 kwa mpigo inatetemesha mkono. Nikamwomba siku moja. Nikikata za pamoja, muda unashuka hadi saa 9 kwa meli, yaani 22,500, na vifaa 14,000: gharama 36,500. Nabaki na 1,500 kila moja, 15,000 kwa meli 10. Ipasuke moja tu, nimepoteza 36,500, faida yote imeondoka na zaidi.

Nikamjibu: kaka, 38,000 haiwezekani, nipe 44,000 na nusu utangulize. Akanuna, akaondoka. Siku mbili simu kimya, nisidanganye, usingizi ulikuwa wa tabu. Ya tatu akapiga. Tukamaliza kwa meli 6, 42,000 kila moja, akatuma 126,000. Vifaa vyote 84,000 vimetoka humo, mfukoni kwangu haikutoka hata mia. Faida baada ya saa zangu ni 33,000.

Nne zimeshapigwa vanishi. Mbili bado ziko kwenye vibanio.