Kinga ya nyanya hupuliziwa kabla ya baridi, si baada ya mabaka

Baridi na manyunyu ya Juni na Julai ndiyo humtia hasara kubwa mkulima wa nyanya wa Mwea na sehemu nyingine za Kirinyaga. Shamba lililokuwa kijani kibichi huanza kuonyesha mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa maji, na chini ya jani kuna utando mweupe. Huo ni ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wengi huuita blaiti. Baridi na unyevu vikidumu, shamba zima linaweza kuisha katika wiki mbili.

Chumvi za shaba zimetumika kuzuia magonjwa ya ukungu tangu miaka ya 1880, wakulima wa zabibu wa Bordeaux nchini Ufaransa walipoanza kupulizia mrututu uliochanganywa na chokaa. Mchanganyiko huo hukaa juu ya jani na kuua mbegu za ugonjwa kabla hazijapenya. Hauingii ndani ya mmea, kwa hivyo jani lililokwisha kuambukizwa haliponi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: mkulima hungoja mabaka ndipo akimbilie agroveti.

Kwa lita 10 za maji, hutumika gramu 100 za mrututu na kiasi hicho hicho cha chokaa. Kila kimoja huyeyushwa katika ndoo yake ya plastiki, kwa sababu mrututu hula chuma. Maji ya mrututu ndiyo humiminwa polepole ndani ya chokaa huku yakikorogwa. Kisha msumari safi wa chuma huchovywa kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na dawa itachoma majani, hivyo chokaa zaidi huongezwa. Dawa huchujwa kwa kitambaa na kutumika siku hiyo hiyo.

Asiyetaka kuchanganya mwenyewe anaweza kununua dawa ya shaba iliyosajiliwa na kufuata kipimo cha lebo, pamoja na idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kwa vyovyote, dawa ifike upande wa chini wa majani, na irudiwe baada ya mvua kubwa kuiosha. Glavu, miwani na barakoa vinahitajika. Pampu isioshewe kwenye mifereji ya maji ya Mwea, kwani shaba hudhuru samaki na kuna watu wanaotumia maji hayo huko chini. Shaba pia haiozi udongoni, kwa hivyo kupulizia bila sababu ni kujiharibia shamba.

Bekingi soda ina kazi yake, lakini si hii. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji hupunguza ubwiri unga, ule unga mweupe wa majira ya kiangazi, na ni vyema kujaribu kwenye miche michache kwanza. Blaiti haiizuii. Chumvi ya mezani isitumike kabisa, kwani huunguza mmea na kuharibu udongo.

Mkulima asiye na hakika ya ugonjwa alio nao anaweza kufunga jani lenye dalili kwenye karatasi na kumpelekea afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa.