HESABU ZA KAMPENI ZISOMWE ENDABASH

Katika kijiji chochote cha Endabash, mwenyekiti akiitisha mkutano mkuu asisome mapato na matumizi, mkutano huo hautakwisha kwa amani. Atasimama mzee mmoja na fimbo yake, aulize mifuko ya saruji ya darasa ilikuwa mingapi, na iliyobaki amelala nayo nani. Hayo ni mazoea mema. Lakini mzee huyo huyo ameona pikipiki zikipita kijijini kutwa kucha wakati wa kampeni, ameona kanga na fulana zikigawiwa, ameona mbuzi akichinjwa nyumbani kwa mpambe wa mgombea, wala hajapata kuuliza fedha hizo zilitoka wapi na ziliandikwa katika daftari gani. Huona ya kuwa hayo ni mambo ya wakubwa.

Si mambo ya wakubwa. Tangu mwaka 2010 nchi yetu ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya mwaka huo, iliyotiwa saini na Rais Jakaya Kikwete mwezi wa Machi. Sheria hiyo haimgusi Rais na Mbunge tu, bali inamgusa na Diwani wa kata. Inamtaka mgombea akieleze chama chake ana fedha kiasi gani na anatazamia kutumia kiasi gani. Inampa Waziri madaraka ya kuweka kikomo cha matumizi, akizingatia ukubwa wa eneo, idadi ya watu na hali ya njia. Na uchaguzi ukisha, inakitaka chama kipeleke hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwa hiyo karatasi zipo, au yapasa ziwepo. Zaanzia mikononi mwa mgombea, zapita ofisi ya chama, zaishia kwa Msajili. Anayezitafuta asianzie Dodoma. Aanzie ofisi ya chama chake mwenyewe.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Agosti 1960, Karatu ilipokuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na 58 kati ya hivyo havikupata hata mpinzani. Kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Wananchi wakamchagua Herman Elias Sarwatt, mwana TANU aliyesimama peke yake bila baraka za chama. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wapo watu wanaodhani ya kuwa mpiga kura wa upande ule huenda anakopelekwa. Hakwenda 1960. Wala hakwenda 1995, alipompa Dokta Willibrod Slaa kiti cha Karatu kupitia Chadema, baada ya CCM kuliacha jina lake ingawa alikuwa ameongoza katika kura za maoni.

Katika uchaguzi wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, fedha zilizuiwa kwa njia nyepesi kabisa. Wagombea wawili wa jimbo walizungushwa pamoja na chama, wakahutubia mikutano ile ile, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Mtu hakuruhusiwa kujifanyia kampeni yake mwenyewe pembeni. Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake mkubwa, maana wananchi walichagulia ndani ya chama kimoja tu, lakini tajiri hakuweza kumshinda maskini kwa magari.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, zuio hilo liliondoka na halikuwekwa jingine mahali pake. Mwaka 2000 mambo yakazidi: sheria ya uchaguzi ikarekebishwa, na ukarimu wa kimila uliofanywa kwa nia njema, ndiyo ile takrima, ukahesabiwa kuwa si rushwa. Ati mgombea akiwapa wapiga kura chakula na kinywaji ni mila! Sisi tuliolelewa vijijini twajua ya kuwa mila ni mwenyeji kumkirimu mgeni. Mgeni anayekuja na pombe yake kuomba kura hamkirimu mtu, ananunua. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na LEAT na NOLA, walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Aprili 2006 majaji Kimaro, Massati na Mihayo wakavitangaza vifungu hivyo kuwa vinapingana na Katiba. Miaka minne baadaye ikaja sheria ya gharama.

Na hata hiyo haikuja kimya. Muswada wake ulikuwa mikononi mwa Ndugu Philip Marmo, Waziri na Mbunge wa Mbulu. Na aliyesimama hadharani kudai ya kuwa sheria iliyosainiwa ina maneno kuhusu timu za kampeni ambayo Bunge halikuyapitisha alikuwa Dokta Slaa, Mbunge wa Karatu. Majirani wawili, mmoja aliuleta muswada na mwingine akalinganisha karatasi mbili neno kwa neno. Kulinganisha huko ndiko tunakokutaka matawini.

Maana kukagua si kutazama jumla iliyo chini ya ukurasa. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya misheni nilikabidhiwa daftari la stoo. Padre msimamizi hakulisoma hata siku moja kabla ya kuingia stoo. Alihesabu kwanza magunia, ndipo akafungua daftari. Nami nilimwogopa kuliko mwalimu wa hesabu. Tufanye vivyo hivyo. Wanachama waandike kwanza walichokiona kwa macho. Tuseme mgombea udiwani alikuwa na pikipiki 10, kila moja ikinywa lita 5 kwa siku, kwa siku 20. Hizo ni lita 1,000 za petroli. Sasa ifunguliwe hesabu yake: je, petroli hiyo imo? Kama haimo, nani aliitoa? Kama ilitolewa na mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola au mnunuzi wa mbaazi, mbona jina lake halionekani kati ya wachangiaji? Gari la kuazimwa ni mchango, vipaza sauti vya kuazimwa ni mchango. Na gari lililowabeba wapiga kura siku ya kura ili wampigie aliyelileta, hilo ni kosa zima, halisafishwi na risiti.

Kuna mambo mawili ambayo hatuna budi kuyasema wazi. La kwanza, sheria hii yagusa pia mchujo ndani ya vyama. Wanachama wengi hawalijui hili, au hawataki kulijua. Katika kata nyingi diwani hupatikana kwenye kura za maoni, na uchaguzi wenyewe huwa ni kuthibitisha tu. Fedha nazo hupita huko, usiku, kwa wajumbe wachache wanaojulikana majina. Anayekagua gharama za kampeni peke yake amefunga mlango baada ya mbuzi kutoka.

La pili ni zito zaidi. Sheria yataja Rais, Mbunge na Diwani. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji hawamo. Uchaguzi wao, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, huendeshwa chini ya TAMISEMI kwa kanuni zake. Lakini ni halmashauri ya kijiji inayosimamia ardhi ya kijiji chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na katika Endabash, ambako mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena kati ya ndugu, hakuna mali inayoshinda ardhi. Mtu aliyenunua kiti kwa mbuzi watatu atawarudisha kwa ekari. Hapo hakuna hesabu ya kutafuta kwa Msajili, kwa kuwa hakuna anayelazimishwa kuipeleka. Twaomba Bunge liitazame kasoro hiyo. Kabla ya hapo, vyama vyenyewe vyaweza kuwataka wagombea wao wa vijiji waandike walichotumia, na kukisoma mbele ya wanachama. Vyama hivyo hufuatilia ada ya kadi ya mwanachama maskini. Havishindwi na hili.

Wapo watakaosema ya kuwa katibu atakataa kuonyesha karatasi. Atakataa, bila shaka. Basi Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba, na anayeombwa yapasa ajibu ndani ya siku 30. Haiishii kwa ofisi za Serikali tu, bali yagusa hata vyombo vilivyosajiliwa kwa sheria vinavyotumia fedha za umma. Na chama kinachopokea ruzuku ya Serikali, kwa maoni yetu, hakina pa kujificha. Barua iandikwe kwa jina la raia, itaje kata, mwaka wa uchaguzi na hesabu inayotakiwa. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwa mwombaji, na siku zihesabiwe tangu tarehe ya muhuri huo.