Maji ya majani hayaponyi mnyauko wa migomba

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia shambani. Nyumba inayotegemea ndizi kwa chakula cha kila siku haiwezi kuwa na afya njema iwapo migomba yake inakufa.

Mnyauko huu unaoletwa na bakteria ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Majani hugeuka manjano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizipasua ndani zina rangi ya kahawia. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka kitu kama usaha wa manjano.

Katika shida hiyo wengi hukimbilia porini. Hutwanga utupa au bangi mwitu, huloweka, kisha humwaga maji yake shinani. Hatuwacheki. Katika maabara maji ya mimea mingi ya porini yameonekana kuzuia bakteria wasiongezeke kwenye kisahani. Lakini mgomba si kisahani! Bakteria wa mnyauko hukaa ndani kabisa, katika mishipa inayopitisha maji, na dawa ya kumwagia haiwafikii. Na wakati baba anasubiri dawa ifanye kazi, panga lake linapeleka ugonjwa kwenye shina la pili na la tatu.

Utupa una kazi yake, nayo ni kuua wadudu. Akina mama wengi wamehifadhi maharage kwa unga wa majani yake. Lakini kumbukeni kuwa majani hayo hayo hutumika kulewesha na kuua samaki mtoni. Ni sumu, hata kama hayakununuliwa dukani. Msiyatwange katika kinu cha chakula, msiweke maji yake katika chupa ya soda ambayo mtoto ataiona akaidhania kinywaji, wala msioshe vyombo vyake kisimani.

Basi tufanye nini? Mara chane ya mwisho inapotokeza, ondoeni lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, maana wadudu huchukua ugonjwa hapo. Livunjeni kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga. Shina lenye dalili likatwe usawa wa ardhi mapema. Panga likishakata mgomba mmoja, lipitishwe motoni mpaka lipate moto sana, ndipo liguse mwingine. Machipukizi ya kupanda yasitoke katika shamba lenye ugonjwa, hata kama anayetoa ni shemeji na anatoa bure. Hapo ndipo wengi tunashindwa, kwa sababu ya haya.

Wengine huogopa kwamba ndizi za mgomba mgonjwa zitawaambukiza watoto. Bakteria huyu hashambulii binadamu. Ila ndizi zilizooza hazifai kuliwa, na maganda yake yasitupwe katika shamba la jirani.